Mbwa Akifa Amani

Mbwa akifa mtaa wa Amani, Unguja, hakuna anayeuliza maziko ni saa ngapi. Mwenyewe hutafuta kiroba na jembe mapema, kabla jua halijakaza, na akibahatika humpata kijana mmoja wa kumshikia upande wa pili wa mzigo. Kufika saa nne asubuhi kazi imekwisha. Mtaani habari hupita kwa maneno machache: yule mbwa wa karakana kafa. Anayeambiwa atauliza kama aligongwa au aliumwa, kisha mazungumzo yatarejea kwenye umeme, ada za watoto na bei ya mchele. Hapana makiwa, hapana khitma, na baraza haitandikwi mkeka.

Msikilize lakini huyo mwenye karakana siku tatu nne zikishapita. Hatokwambia kwamba ana huzuni. Atakwambia, "Sasa nimebaki bila mlinzi." Kisha ataanza kukusimulia: namna mbwa yule alivyojua mlio wa pikipiki yake tangu iko kwenye kona, namna alivyomwacha muuza maji apite lakini fundi fulani hakumpenda hata siku moja, namna alivyolala na kichwa kwenye kizingiti ili mlango ukiguswa naye aguswe. Ataongeza kwamba kufuli peke yake siku hizi si kitu. Mazungumzo yote ni ya usalama wa mali, kama mtu anayeripoti hasara. Na sauti inamkatika katikati.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye habari nzima ya mbwa na watu wa Unguja. Mbwa wetu amepewa kazi, hakupewa msiba. Anayempoteza hana njia ya kumlilia ila kwa kuitaja kazi yake.

Wengi huijua Amani kwa uwanja wake, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970, ukafanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Disemba 2023. Nje ya uwanja huo mtaa ni wa watu wa kazi. Pana eneo la viwanda vidogo vidogo, wachomeleaji, maseremala, gereji na maghala. Sehemu kama hiyo ikifungwa jioni hubaki na bati, mbao na vyuma vya thamani, na watu wake wamerudi majumbani. Ndipo mbwa anapopata nafasi. Mji Mkongwe ni mji wa paka. Paka hulala juu ya baraza, huingia madukani, hutupiwa vichwa vya samaki Darajani na hakuna anayeshtuka. Mbwa hana baraza. Yeye ana geti.

Sababu inajulikana na haina haja ya kufichwa. Unguja ni kisiwa cha Waislamu, na walio wengi hufuata madhehebu ya Imamu Shafi. Kwa Shafi mate ya mbwa ni najisi nzito: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa maji yaliyotiwa udongo. Mtoto wa Kiunguja hujifunza hilo chuoni mapema, pamoja na ile habari kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Tena tunao msemo wa kukanya kwamba ukicheza na mbwa ataingia nawe msikitini. Mtu aliyelelewa hivyo hawezi kuambiwa tu kwamba Wazungu hulala na mbwa kitandani, kwa hiyo naye alegeze moyo.

Ila walimu wale wale hufundisha pia mlango wa ruhusa. Hadithi zinazosema kwamba mwenye kufuga mbwa hupungukiwa thawabu kila siku huwatoa mbwa wa kuwinda, wa kuchunga mifugo na wa kulinda shamba. Wanazuoni wengi wameingiza humo, kwa kulinganisha, na ulinzi wa nyumba na mali. Imamu Malik alikwenda mbali zaidi, akaona mbwa aliye hai si najisi. Surat al-Maida inahalalisha kula alichokamata mbwa aliyefunzwa kuwinda. Na Surat al-Kahf, ambayo misikitini na majumbani kwetu husomwa kila Ijumaa, inamtaja mbwa wa watu wa pangoni amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini, na wanapohesabiwa vijana wale naye huhesabiwa pamoja nao. Nimewahi kujiuliza ni mnyama gani mwingine anayetajwa kisiwani hapa kila wiki kwa heshima ya namna ile, halafu tukitoka nje tunamrushia jiwe.

Ruhusa hiyo, basi, ni ya kazi. Mbwa yuko getini kwa sababu analinda. Akizeeka, akawa haoni wala hasikii, hoja ya kumweka inaanza kulegea, na hapo ndipo utakapomtambua mtu aliyempenda mbwa wake: ni yule anayeendelea kumtilia maji na mabaki ya wali huku akiwaambia majirani kwamba mbwa bado anabweka vizuri. Habweki. Kila mtu anajua habweki.

Ukenda kusini ya kisiwa, upande wa Muyuni, Makunduchi na Jambiani, utawakuta wafugaji wa mbwa wa zamani zaidi, nao ni wasasi. Ardhi ya huko ni mawe ya matumbawe na vichaka, na mkulima wa mihogo na viazi ana adui mmoja mkubwa, nguruwe mwitu. Wasasi hutoka kwa makundi na mbwa wao, nyavu na silaha, na kijiji kizima hufaidika shamba likisalimika. Huyo si mbwa wa geti. Anatembea na bwana wake maweni, anapumua naye, anamsubiri pale miba inapomkwamisha, na akichanwa na nguruwe ni bwana wake anayembeba mpaka kijijini. Wasasi wana haki ya kumsifu mbwa mbele za watu kuliko sisi wa mjini, kwa kuwa sifa ya mbwa ni sifa ya msako. Nisiwapambe kupita kiasi. Mbwa hao hao wamewapunguza paa nunga, ambao duniani wamesalia sehemu chache mno, Unguja ikiwa mojawapo, na kuwinda kwa mbwa ni moja ya mambo yaliyowapa kazi walinzi wa msitu wa Jozani tangu kabla haujatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2004. Urafiki wa mtu na mbwa una mizoga yake.

Rambirambi ya mbwa ninayoijua zaidi katika historia ya visiwa hivi haikuandikwa na Mzanzibari. Iliandikwa na David Livingstone. Nyumba aliyokaa bado imesimama upande wa Kinazini, kwenye njia ya kwenda Bububu, na daladala za huko hupita mbele yake kutwa. Machi 1866 aliondoka Unguja kuelekea bara, safari ambayo hakurudi akiwa hai. Msafarani alikuwamo mbwa mdogo mwenye manyoya, jina lake Chitane. Tarehe 15 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walivuka kinamasi kipana kama maili moja, maji kiunoni, chini matope na mashimo, na ruba tele. Livingstone alitangulia. Hakumwagiza mtu yeyote amshike mbwa. Watu wake nao walikuwa wakihangaika wasianguke. Walipofika ng'ambo, Chitane hayupo. Ameogelea mpaka nguvu zikamwishia.

Kilichonishangaza ni namna Livingstone alivyomwandika jioni ile katika daftari lake. Hakusema kwamba alimpenda. Alisema mbwa yule aliwazuia mbwa wa vijijini wasisogelee vibanda vyao, kwamba hakuna aliyethubutu kuja kuiba, na kwamba yeye mwenyewe hakuiba kamwe. Safarini alijitwika usimamizi wa msafara mzima, akikimbia mbele kisha nyuma kuona kama wote wapo. Hata rangi ya manyoya yake, iliyokuwa ikigeuka wekundu wa manjano, ameitaja. Ni hesabu ya kazi, kama ile ya mwenye karakana wa Amani. Siku tano baadaye sanduku lake la dawa liliibwa, na hilo ndilo lililomvunja, aliona kama amehukumiwa kifo. Lakini watu wa msafara wake walikipa kinamasi kile jina. Wakakiita maji ya Chitane. Wengine hupewa sanamu. Mbwa yule alipewa kinamasi, tena na wapagazi, watu ambao hawakuwa na sababu ya kujipendekeza kwake.

Henry Stanley naye alifika Unguja mwaka 1874 na mbwa watano kutoka Uingereza, wawili kati yao wakubwa wa kutisha. Alipotokea pwani ya magharibi miaka mitatu baadaye hakuwa na hata mmoja. Watu waliotoka mitaa hii kumbebea mizigo wengi wao hawakurudi pia, na msiba huo ni mkubwa kuliko wa mbwa kwa kipimo chochote, kwa hiyo namwacha Stanley hapo.

Wala isidhaniwe kwamba mbwa wa msibani ni habari ngeni kabisa katika mji huu. Wakati mmoja Zanzibar ilikuwa na jamii ya Waparsi, wafuasi wa dini ya Zarathustra waliotokea Bombay, wakiwa na hekalu lao la moto hapa hapa mjini. Katika mila zao mbwa huletwa aitazame maiti kabla haijaondolewa. Jicho lake linaaminika kuufukuza uchafu wa mauti. Mwaka 1832 Waparsi wa Bombay waliingia barabarani na kufunga mji kwa sababu Waingereza walianza kuua mbwa wa mitaani. Mtoto maarufu zaidi wa jamii hiyo aliyezaliwa Unguja, Farrokh Bulsara ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Freddie Mercury, ukubwani alifuga paka, tena wengi. Uunguja uliushinda Uparsi, mtu anaweza kusema kwa utani.

Tukirudi nyuma zaidi, bandari ya Berenike kwenye Bahari ya Shamu, iliyohudumia majahazi ya pepo za msimu karibu miaka 2,000 iliyopita, ilikuwa na makaburi ya wanyama. Wachimbaji wa Kipolandi walioyafukua wamekuta wanyama 585, wengi mno wakiwa paka, na mbwa wachache. Baadhi ya wanyama hao walikuwa wazee, meno yamekwisha, na hawangeishi umri ule pasipo mtu wa kuwalainishia chakula. Mnyama asiye na meno halindi ghala wala hakamati panya. Mabaharia wale hawakujisumbua kutafuta kisingizio.

Na katika Baghdad ya karne ya kumi, Ibn al-Marzuban, mwanazuoni aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima cha kueleza ubora wa mbwa juu ya wengi wavaao nguo. Kimejaa visa vya mbwa waliokaa juu ya makaburi ya mabwana zao wakati marafiki na ndugu wameshatawanyika. Mwandishi alikuwa Mwislamu akiwaandikia Waislamu, na alichokuwa akikilalamikia ni watu wa zama zake zaidi kuliko alivyokuwa akimsifu mbwa. Kitabu hicho kingefaa kuwekwa kwenye baraza moja hapa Amani, kikasomwa kwa sauti baada ya laasiri, tuone nani atanuna.

Mwaka 1989 msomi wa Kimarekani Kenneth Doka alieleza habari ya huzuni isiyotambuliwa na jamii: mtu amefiwa, lakini walio karibu naye hawaoni kwamba amefiwa. Hana ruhusa ya kukosa kazi, hana wa kumpikia, hana siku ya arubaini ya kumwambia sasa basi, simama. Wataalamu waliomfuata wametaja wafiwa wa wanyama mara nyingi. Huko Marekani na Ulaya huzuni hiyo angalau hupata kadi na maua. Hapa kwetu ina tatizo la ziada, kwa kuwa mfiwa mwenyewe humshuku moyo wake. Anajiuliza kama ni haramu kumlilia mnyama wa najisi. Nijuavyo, hukumu ya najisi inahusu maji, chombo na nguo ya kusalia, haikuyagusa machozi. Na mtu aliyeshuka kisimani, akachota maji kwa kiatu chake na kukiuma kwa meno ili apande amnyweshe mbwa mwenye kiu, habari yake imo katika hadithi sahihi, na alisamehewa madhambi yake. Kinachotajwa hapo ni huruma tupu. Mbwa yule hakuwa akilinda kitu.

Mtihani mkubwa ni wa watoto. Mara nyingi kifo cha kwanza anachokiona mtoto kwa macho yake ni cha mnyama, na mtoto hajui kusema habari za mlinzi. Yeye huuliza moja kwa moja: kaenda wapi? Maalim mkweli atamjibu kwamba wanyama Siku ya Kiyama watalipizana haki zao kisha wataambiwa wawe udongo. Jibu hilo ni zito kwa mtoto wa miaka saba mwenye kamba ya mbwa mkononi. Basi bibi wa nyumba huingilia kati na Qitmir, jina ambalo wafasiri wengi wamempa mbwa wa pangoni, na wapo waliosema ataingia peponi pamoja na vijana wake. "Yule kaingia kwa kuwafuata watu wema, mwanangu." Mtoto hapo hapo atataka kujua kama wao wa nyumba hii ni watu wema, na bibi atakumbuka kwamba ana chungu jikoni.

Mbwa mwenzake naye huona. Mwaka 2022 watafiti wa Italia walichapisha majibu ya watu 426 waliokuwa na mbwa wawili au zaidi na mmoja akafa. Asilimia 86 walisema aliyebaki alibadilika: alipunguza kucheza na kula, akalala zaidi, akamganda bwana wake. Walinzi wa usiku wa maghala yetu hawakuulizwa, ila ukikaa nao watakusimulia mbwa aliyekuwa akienda kulala pale pale mwenzake alipokuwa akilala, na kulinusa lile geti kila anaporudi.

Kipo kifo kimoja kinachonyimwa hata hiyo huzuni ya kichinichini. Mbwa akimuuma mtoto wa mtu, hakuna tena wa kumtetea, na sawa. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu ni karibu sawa na hukumu ya kifo. Duniani huua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, walio wengi Asia na Afrika, na karibu wote wameumwa na mbwa. Ukisikia mtaa umechachamaa kutaka mbwa wote wauawe, usiwaone makatili. Wanaogopa. Lakini kuua hakujawahi kuumaliza ugonjwa huo, maana wanaouawa hujazwa nafasi zao na wengine wasiochanjwa, na kinachoumaliza ni kuchanja asilimia 70 ya mbwa, mwaka baada ya mwaka. Ndugu zetu wa Pemba walionyesha hivyo. Kampeni za chanjo zilikiondoa kichaa kisiwani kufikia 2014. Kikaingia tena 2016 kutoka nje, wakachanja kisiwa kizima, na 2018 kikaondoka tena. Sindano ile ina faida nyingine isiyoandikwa kwenye ripoti. Ili mbwa achanjwe lazima mtu ajitokeze mbele ya sheha na majirani aseme huyu ni wangu, jina lake hili. Wapo wanaume wa Unguja waliolitamka hilo hadharani kwa mara ya kwanza wakiwa kwenye foleni ya chanjo, wameshika kamba ya nazi iliyomfunga mbwa shingoni.

Mbwa aliyekufa ghafla, aliyekuwa akitokwa na udenda au aliyebadilika tabia, asishikwe kwa mikono mitupu, na watu wa mifugo Maruhubi wapewe habari kwanza. Wa ajali au wa uzee azikwe, shimo liwe refu, mbali na kisima. Kumtupa jaani ni kuwaachia mbwa wengine na kunguru, na mwenyewe atapita njia ile kesho.

Baada ya hapo, wiki chache zikipita, karakana hupata mbwa mchanga. Huletwa kwenye boksi la sabuni au la biskuti, kutoka kwa mtu wa shamba. Mara nyingi hupewa jina lile lile. Simba aliyekufa anafuatiwa na Simba, na huyo naye siku zake zikifika atafuatiwa na Simba mwingine. Ukimuuliza mwenyewe kwa nini hakutafuta jina jipya, hatosita. Atakwambia ni kwa ajili ya wezi. Wameshalizoea.